Mashine ya gemu bila sehemu ya CD: mnakubali?

Mzee wa Kona: PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa karibu dola 700, na sehemu ya kuweka CD haimo. Ukiitaka unainunua kando, dola 80 nyingine. Mimi nakataa. CD nikishaimaliza naiuza au nabadilishana na mwenzangu. Gemu ya kupakua inafia kwenye akaunti yangu, na bando imeshakwenda. Wakuu mnaonaje?

Kisiki: Mkuu, CD za siku hizi nyingine ni kasha tu. Ile Call of Duty ya 2022, ndani ya CD ya PS5 mlikuwa na megabaiti 70 hivi, zilizobaki ukapakue mwenyewe. Na wanaolilia CD wengi ni watu wa vibanda vya gemu, kazi yao gemu za mpira tu. Gemu zenyewe hawazijui.

Binti Chumbageni: Kisiki, hapo kwenye "mpira tu" rudi hapohapo. Mimi nimekulia kibandani. Unalipia mechi, ukifungwa unaachia pedi na kurudi nyuma ya foleni. Pale ndipo nilipojua kumtoa kipa golini kwa kitufe cha pembetatu: ukimwahisha unachopiwa juu, ukimchelewesha mtu anapenya. Huo uamuzi unaufanya huku watu kumi wanakupigia kelele mgongoni. Usiniambie sijui gemu.

Kisiki: Dada, sijamtukana mtu. Ila pasi na shuti huwezi kuweka sawa na Malenia, yule bosi mgumu wa gemu ya Elden Ring. Panga lake likikugusa anajirudishia uhai, hata ukikinga kwa ngao! Na hakuna mahali pa kupunguza ugumu. Unajifunza au unaacha.

Pedi Mbovu: Malenia unaruhusiwa kuita mizimu ikupiganie. Fainali ya mtaa unamwita nani? Halafu yule mapigo yake ni yaleyale, ukiyakariri umemmaliza. Mpinzani wa kibandani akishajua unapenda krosi, dakika ya 10 ameshakufungia pembeni.

Kisiki: Kariri basi lile pigo lake la kuruka hewani na kushusha panga mfululizo, tukuone.

Wakili wa Mtaa: Turudi kwenye mada. CD peke yake haikulindi. The Crew, gemu ya magari ya mtandaoni, ilizimwa seva mwisho wa Machi 2024, wenye CD na wasio nayo wote wakabaki nje. Ulaya watu wamevusha saini milioni moja kudai gemu iliyouzwa iachwe inachezeka. Hiyo ndiyo vita ya maana.

Mzee wa Kona: Seva ni jambo jingine, Wakili. Gemu yangu ya kucheza peke yangu haihitaji seva. Nataka kuiuza, basi.

Binti Chumbageni: Wakili, tutafika huko. Kisiki bado hajajibu kuhusu foleni na kelele.

Pedi Mbovu: Atajibu nini? Ila na mpira wenyewe umeshaharibiwa. Konami waliua PES, gemu yao ya mpira, 2021 wakatuletea eFootball yenye sura za wachezaji za kutisha.

Binti Chumbageni: Pedi, wewe ni wa PES?! Nilikuwa nakutetea bure. Krosi za PES kila mtu anafunga kwa kichwa.

Pedi Mbovu: Anafunga aliyejipanga, dada. Anayekimbia na winga mmoja mechi nzima, kama nyie wa gemu ya FIFA, lazima alalamike.