Wakuu msaada, programu inafuta rekodi moja halafu inagoma

Kisiki: Wakuu habari. Nina programu ya COBOL, SQL imepachikwa humohumo, databesi ni DB2. Kazi yake ni kupita tebo ya wateja na kuwafuta waliofunga akaunti. Inafanya FETCH (kuvuta rekodi inayofuata), inafuta kwa DELETE FROM WATEJA WHERE CURRENT OF K1 (K1 ni kishale, kinashika rekodi niliyofikia), ya kwanza inatoka vizuri SQLCODE 0 (namba ya majibu ya databesi, 0 ni salama), nikirudi FETCH napigwa -501. Inatakiwa iende usiku huu.

BabuBaiti: Kufuta kwani lazima? Ongeza kolamu ya hali, andika "amefunga". Mkaguzi akija utamwonyesha nini?

Kisiki: Sijauliza hilo babu.

Nukta2: Mimi kuna jamaa kazini aliandika WHERE NAMBA = NAMBA badala ya = :NAMBA, nukta mbili za kuonyesha ni thamani ya programu kasahau, kolamu ikajilinganisha yenyewe, tebo nzima ikafyekwa na SQLCODE ikarudi 0 kama hakuna kitu 😂 siku hizi pale wanachungulia SQLERRD(3) waone zimeondoka ngapi ndo waguse COMMIT (amri ya kuyapitisha mabadiliko yabaki).

DadaTebo: -501 ni kishale kimefungwa. Nani anakifunga? Weka lupu yote, usituchagulie vipande.

Kisiki: Lupu ya kawaida tu. FETCH, DELETE, COMMIT, inarudi juu.

DadaTebo: Si ndo hiyo COMMIT! Inafunga kila kishale ambacho hakikutangazwa WITH HOLD (yaani kibaki wazi hata baada ya COMMIT).

Kisiki: Sikuona kama inahusu. Na siitoi, bila hiyo kufuli zinashikiliwa watu wengine wanakwama. Nafikiria nikifungue upya kila rekodi.

DadaTebo: Utafanya tafuta ileile upya kila mara ya nini? Weka WITH HOLD, COMMIT kila baada ya rekodi mia kadhaa, na ukishapiga COMMIT uanze na FETCH ndo ufute.

Fitina: Hamjashtuka tu? Tebo WATEJA, kishale K1, kosa moja safii. Hili swali la mtihani, dogo anafanyiwa kazi ya darasani.

Kisiki: Darasa gani mkuu, niko kazini.

BabuBaiti: Kama ni kweli, oda za hao wateja je? Ufunguo unaofunga oda kwa mteja ukiwa RESTRICT (hauruhusu kufuta mteja mwenye oda) ungekula kosa -532.

Kisiki: Oda nilishazifuta jana.

DadaTebo: Kwenye sava ya laivu?? Bakapu unayo?

Kisiki: Ya wateja ipo.

Fitina: Naondoa kauli, mwalimu hatungi swali kama hili.