Nyie wa video za mzinga wa 1453, JIWE HALILIPUKI!!

Wakuu habari za jioni, nina hasira hapa mpaka usingizi umekata. Jana nimechoma bando la GB 2 nzima kwenye video ya chaneli moja ya historia, siitaji, wafuasi wanao kibao, inahusu ule mzinga mkubwa wa Sultani Mehmed wa Waturuki uliopiga kuta za Constantinople (Istanbul ya leo). Dakika ya tatu tu mzinga unafyatuka, tufe linatua, buuum, moto mpaka juu ya minara. Jamani lile ni JIWE. Jiwe la kuchonga, zaidi ya kilo 500, linalipuka nini? Linagonga ukuta kwa uzito wake, basi.

Halafu eti wanapiga pa pa pa. Ule mzinga ulikuwa unapiga kama mara 7 kwa SIKU! Ukishapiga unaubembeleza kama mgonjwa, unaumwagia mafuta ya moto usipoe ghafla ukapasuka, ndo uanze tena kushindilia baruti na kusukumia jiwe lingine ndani. Ndo maana walinzi wa mji usiku walikuwa wanapata muda wa kuziba mapengo kwa magogo na mapipa ya udongo, na mji ukakaza toka 6 Aprili mpaka 29 Mei. Hapo ndo penye utamu wa stori na hawajapagusa kabisa!

Fundi Orban aliyeutengeneza huo mzinga wamemfanya Mturuki. Mhungaria yule, tena alianza kwa Kaizari Constantine, mwenye mji mwenyewe, Kaizari hana hela, jamaa akahamia kwa Mehmed aliyekuwa nazo. Akausubu kwenye mji wa Edirne, ukakokotwa mpaka Constantinople na ng'ombe 60 na watu kama 200. Kwenye video ni farasi wanne, na wanakimbia!!

Na ile picha ya kava sasa. Ule ni mzinga wa Dardanelles, umetengenezwa na Munir Ali 1464, miaka 11 BAADA ya mji kuanguka, tani karibu 17, vipande viwili unavifunga kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa ya chai. Uko Fort Nelson, Uingereza, Sultani Abdulaziz alimzawadia Malkia Victoria.

Nikawaandikia komenti kistaarabu kabisa. Nikajibiwa "kaka tengeneza ya kwako", nusu saa baadae komenti imefutwa na mimi nimeblokiwa. GB 2 zangu nani ananirudishia?