Tupeane uzoefu: kemo ya saratani imeisha, watu wanasema umepona, na wewe mwenyewe hujijui

MwanaTudor:
Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. Jirani yangu kamaliza mionzi juzi. Nyumba ikajaa watu, biriani ikapikwa, vigelegele mpaka barabarani. Nikamtazama usoni nikajua. Siku kama ile ndiyo mimi nilipoanza kuchanganyikiwa. Ukiwa kwenye dawa una tarehe, una dripu, una muuguzi wa kukuuliza umelalaje. Zikiisha unapewa kadi urudi baada ya miezi 3, basi. Usingizi uliopotea, hofu, mwili usioutambua, mambo ya chumbani na mume, hayo unayapeleka wapi hapa Mombasa? Dua tunazo, alhamdulillahi. Naomba mseme nani alikusaidieni na nini hakikusaidia.

BiKisauni:
Umenigusa pabaya dadangu, wacha niseme.

Mimi nauza nyanya na vitunguu Kongowea. Nilisema dawa zikiisha tu narudi mezani kwangu. Nikarudi. Mteja ananiuliza bei, namjibu, nikifika katikati nimesahau nilitaja ngapi. Vidole vina ganzi, sarafu zinaniponyoka, noti mbili nazihisi moja. Uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka mzima. Unaamka nao. Mawifi wakaanza: si umepona, mbona huinuki?

Lakini baya zaidi ni usiku wa kuamkia kliniki. Mgongo uliniuma tangu mchana. Nikasema imerudi, imeingia kwenye mifupa. Nikajifungia chooni nikafungua mfereji ili watoto wasisikie nikilia. Nikawa napanga nani atamchukua mdogo, nani atalipa karo ya mkubwa. Kulipokucha sikumwambia mtu, nikapanda matatu peke yangu. Nikapimwa, kumbe ni misuli, nilikuwa nimeinua kreti. Nilipotoka pale miguu haikunibeba, nikakaa kwenye benchi la watu wa foleni mpaka adhuhuri.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja mtu mzima, aliniona pale bencini. Akaniambia hofu hii wanayo karibu wote wanaomaliza, na huzidi kila kipimo kikikaribia, kwa hivyo usije peke yako tena. Akaniambia pia nitembee hata kama nimechoka, kwa sababu uchovu huu kulala hakuuondoi. Nilianza kutoka mlangoni mpaka msikitini na kurudi. Sasa nafika mbali.

ShemejiLikoni:
Kweli tupu. Ganzi ya vidole hata mimi, na nyayo pia. Angalia maji ya moto, utaungua usijue.

UmmuBamburi:
Poleni nduzangu. Mimi nashauri majani ya mstafeli, habasoda asubuhi na asali, na hijama, yaani kuumikwa na kuchanjwa, kila mwezi. Mwili utarudi inshaallah.

DukaLaDawaMakupa:
Habasoda ya kuonja kwenye chakula sina neno nayo. Lakini walio kwenye tamoxifen, kidonge cha saratani ya matiti ambacho wengi humeza miaka 5 au zaidi, wasianze mitishamba ya kuchemsha bila kumwambia daktari. Mingine hugombana na dawa. Na mstafeli hautibu saratani ya mtu, tusidanganyane.

UmmuBamburi:
Nani kasema unatibu? Nimesema unasaidia. Nyinyi wa maduka ya dawa kila kitu cha bure kina ubaya.

DukaLaDawaMakupa:
Mama, nimefunga macho ya watu wa nyumbani kwangu kwa maradhi haya. Si biashara.

FungateMjiWaKale:
Nisameheni naingilia, hilo neno hijama limenishtua.

Mimi nilikatwa ziwa la kulia na tezi za kwapani zikatolewa. Mwaka mzima salama. Mkono ukaanza kuvimba taratibu, bangili zikakataa kuvuka. Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, akaniletea mkandaji. Akanikanda kwa nguvu na mafuta ya moto, kisha akaniumika mkono uleule, akachanja. Siku ya pili mkono mwekundu mpaka begani, unawaka. Natetemeka meno yanagongana, naita watu waliokwisha kufa. Mume wangu alinibeba kwenye tuktuk usiku na mvua ya masika inanyesha, njia imejaa maji. Daktari akasema vijidudu vimeingia pale palipochanjwa, na ningelala mpaka asubuhi ingekuwa mambo mengine. Nikalazwa, nikapewa antibayotiki za mshipani.

Ukitolewa tezi za kwapa, mkono huo usichanjwe. Ukiona wekundu na homa, usingoje kesho.

ShemejiLikoni:
Ya Rabbi! Mkandaji alisemaje?

PwaniAsili:
Na mkono ulirudi?

UmmuBamburi:
Subhanallah. Pole mwanangu. Hilo la mkono silo nililokusudia, na watu walisikie.

FungateMjiWaKale:
Haukurudi wote. Navaa soksi ya mkono ya kubana mchana, na mtu wa fiziotherapia alinifundisha kuusugua polepole kuelekea bega, mkono mwepesi kama unampaka mtoto poda. Mkandaji sikumwona tena.

PwaniAsili:
Mimi niliambiwa mkono huo usibebe hata ndoo maisha yote.

MlezaMwembeTayari:
Mimi niliambiwa kinyume! Nianze na chupa ya maji ya nusu lita, nizidishe kidogokidogo, kwamba mkono usiotumika hulegea zaidi. Ninapika, ninafua, na haujavimba.

MwanaTudor:
Nduzangu narudisha uzi. Mazungumzo je? Mtu wa kukaa naye?

ShemejiLikoni:
Mamangu alienda Coast Hospice, kituo cha kutunza wagonjwa wa maradhi makubwa hapa Mombasa. Tuliogopa jina, tukadhani huko ni kwa wanaokata roho. Kumbe wanashughulika na maumivu, na walituketisha familia nzima. Baba alizungumza siku ile maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

MlezaMwembeTayari:
Kwa joto la tamoxifen na hii kaskazi, mimi nalala sakafuni na leso iliyoloweshwa. Mume kahamia chumba cha watoto, anasema kitanda kimekuwa tanuri, haha. Lakini kuhusu ukavu na maumivu ya chumbani muulizeni daktari wa kike, kuna mafuta maalumu, msivumilie kimya.

Mzee_wa_Changamwe:
Wanaume tupo tunasoma. Nilitolewa tezi dume, sasa nikikohoa mkojo unatoka. Msikitini nakaa safu ya mwisho. Kuna aliyepata nafuu?

DukaLaDawaMakupa:
Mzee, shikamoo. Bana misuli ile unayokatia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Huchukua miezi, usikate tamaa. Na mwambie daktari aliyekupasua, usimfiche.

Mzee_wa_Changamwe:
Marahaba. Hakuna aliyeniambia hilo.

BiKisauni:
MwanaTudor, mlete jirani yako Jumamosi baada ya alfajiri, pale Mama Ngina baharini, upande wa mibuyu. Mimi hutembea pale. Mwendo ni wake, akichoka tunakaa tunakunywa madafu. FungateMjiWaKale nawe njoo.

FungateMjiWaKale:
Nitakuja. Na shangazi nitamleta.