Mungu bado anasema na Wakristo, au alishamaliza?

Upendo_Dom: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Jumapili mchungaji wetu usharikani alifundisha Waebrania 1: zamani Mungu alisema na baba zetu katika manabii, mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana, kwa hiyo anayetaka kumsikia afungue Biblia. Nikaelewa. Jumatano kwenye maombi, mama mmoja ninayemheshimu sana akanishika mkono mbele za watu: "Mwanangu, Bwana ameniambia usiende Mtwara." Nimepata kazi Mtwara na natakiwa kujibu barua kabla ya Ijumaa. Tangu siku hiyo usingizi haupo. Mungu bado anasema namna hiyo? Na mtu anajuaje?

Neno_Tu: Dada, mchungaji wako yuko sahihi. 1 Wakorintho 13: ijapo ile iliyo kamili, iliyo kwa sehemu itabatilika. Iliyo kamili ni Neno lililokwisha kuandikwa. Na Ufunuo mwishoni, 22:18 kama sikosei, anayeongeza ataongezewa mapigo. Mengine yote ni kuoteshwa. Tulishaona watu wazima wakifunga safari hadi Loliondo mwaka 2010 kunywa maji ya mizizi kwa sababu mzee mmoja aliota.

MamaJoy: Ni 2011. Na mama yangu mzazi ni mmoja wa hao watu wazima. Chunga mdomo.

Mlokole_Kitambo: Neno_Tu, ndugu yangu, hata Musa alikataza kuongeza neno, Kumbukumbu 4:2. Mbona Isaya na Yeremia walikuja baadaye na tunawasoma? Na sura hiyohiyo ya 13 inasema wakati huo tutaona uso kwa uso. Wewe umeshamwona uso kwa uso?

Neno_Tu: MamaJoy, sikumtaja mama yako. Nimesema kuhusu jambo lililoonekana na nchi nzima. Foleni ya magari kilomita kwa kilomita, mawaziri humohumo, mpaka serikali ikaomba watu wasiendelee kwenda. Kama ile ilikuwa sauti ya Mungu, leo kikombe kiko wapi?

MamaJoy: Nitakuambia kiko wapi, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Tulilala njiani siku tatu, vumbi mpaka kwenye meno. Mama alikuwa na sukari, miguu imevimba, hakuweza kushuka. Kijana akapitisha kikombe cha plastiki dirishani, mama akakishika kwa mikono miwili kama wa Meza ya Bwana, akanywa. Shilingi 500. Kuna nabii gani wa mjini atakayekuwekea mkono kwa 500? Mama aliendelea na dawa zake za hospitali, hakuziacha hata siku moja, na sukari haikuisha. Lakini barabara nzima ya kurudi aliimba. Alikuwa hajaimba tangu baba afariki. Mimi sijui Mungu alimwambia nini Mzee Mwasapile, yule babu wa Loliondo. Najua mama yangu hakuwa mjinga.

Kaka_Ilala: Mama, shikamoo. Mama yako alibaki na dawa zake, dada yangu hakubaki nazo. Nabii mmoja wa mtaani kwetu alimwambia "Bwana amesema umepona," akaacha ARV. Tulimzika baada ya miezi kumi na moja. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu "Bwana ameniambia", mimi damu inachemka. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023 walifukua miili zaidi ya 400, watoto wamo, watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Nao walikuwa wameambiwa!

MamaJoy: Pole sana, kaka yangu. Pole kwa kweli.

Katekista_Kagera: Kaka Ilala, pole. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba ufunuo wa watu wote ulikamilika katika Kristo, lakini upo ufunuo binafsi, na Kanisa haliupokei kwa pupa. Ng'ambo yetu hapa Rwanda, wasichana wa shule Kibeho walisema wanatokewa na Bikira Maria kuanzia Novemba 1981. Wakahojiwa, wakapimwa na madaktari na wanateolojia, na Askofu Misago wa Gikongoro akatoa uamuzi mwaka 2001. Miaka ishirini! Dada yetu hapa amepewa mpaka Ijumaa.

Neno_Tu: Katekista, Bikira Maria ametajwa wapi kwenye swali la dada?

Katekista_Kagera: Nimeeleza namna ya kupima. Wewe umesikia jina moja tu.

Neno_Tu: Kwa sababu Wagalatia 1:8 inasema hata malaika akihubiri injili nyingine alaaniwe.

Katekista_Kagera: Kibeho wasichana walisema watu watubu na wasali. Hiyo ni injili nyingine?

Mlokole_Kitambo: Tumerudi tena kwa Mariamu. Bibi yangu aliokoka kwenye ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda. Wao mtu akisema "Bwana amenionyesha", aliyaleta mbele ya ndugu, katika nuru, wakamuuliza mpaka jasho limtoke. Mara nyingi alichoonyeshwa ni dhambi yake mwenyewe, ng'ombe wa watu aliyemchukua, akamrudishe. Safari ya mwenzake haikuwamo. 1 Wathesalonike 5: msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Maagizo yote mawili yameandikwa pamoja.

Kaka_Ilala: Dada yangu angejaribu vipi? Aliambiwa kupima ni kukosa imani.

Mlokole_Kitambo: Basi hapo ndipo alipodanganywa, kaka. Anayekataa kupimwa amejihukumu.

Upendo_Dom: Nimewasoma wote. Jana nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamkuta anachambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, ulisikia sauti?" Akanyamaza, akaendelea kuchambua. Halafu akasema hakusikia sauti, ila kila akiniombea moyo unakuwa mzito. Ndipo akanieleza kuhusu binti yake wa pili, aliyekwenda kusini kikazi na hakurudi hai. Sikuwahi kujua.

Neno_Tu: Basi umepata jibu. Uchungu wa mzazi, Mungu hakusema chochote. Nenda Mtwara.

MamaJoy: Wewe umejuaje kwamba hakusema? Eliya alimsikia katika sauti ndogo ya utulivu, baada ya upepo na moto. Labda Mungu alitaka Upendo aende akakae na yule mama, maana amebeba msiba ule peke yake miaka yote.

Neno_Tu: Neno "labda" halimo kwenye "Bwana ameniambia".

MamaJoy: Ni kweli. Na yeye amelitoa mwenyewe, mbele ya ungo wa mchele. Ni manabii wangapi umewaona wakifanya hivyo?

Upendo_Dom: Nimeandika barua ya kukubali. Yule mama ameomba aje kunisindikiza stendi.