Singapore mpaka Hanoi bila kupanda ndege, wiki 3 zinatosha?

Mtembezi_Pole: Wakuu habari zenu. Nataka kutoka Singapore mpaka Hanoi kwa treni na basi tu, ndege sigusi. Nimechora hivi: Singapore, Kuala Lumpur, Bangkok, Vientiane, Kunming, Nanning, Hanoi. Umbali hauniogopeshi, kinachonitia tumbo joto ni mipaka, nimehesabu mitano. Nikate tiketi zote mapema au nikate njiani? Na je nikipita Kambodia badala ya Laos?

MzeeWaReli: Kambodia weka pembeni mkuu. Mwaka 2025 Thailand na wao walipigana mpakani, vituo vya nchi kavu vikafungwa, sasa safari nzima huwezi kuitundika kwenye mpaka wa hivyo. Laos ndo njia, tangu Aprili 2023 kuna treni ya abiria Vientiane mpaka Kunming, kilomita 1,035 unazimaliza mchana mmoja.

Tiketi zote mapema haiwezekani hata ukitaka, treni za China zinafunguliwa siku 15 kabla kwenye apu ya 12306. Ya kuwahi ni ile ya kulala ya Bangkok-Vientiane, vitanda vinaisha haraka. Na Bangkok usiende stesheni ya zamani ya Hua Lamphong kama vitabu vya zamani vinavyosema, treni za mbali zilihamia Krung Thep Aphiwat Januari 2023.

Kingine, Vientiane ina stesheni mbili!! Ya kutoka Bangkok inakushusha Khamsavath, ya China iko kwingine kabisa na reli zenyewe hazifanani upana, kwa hiyo usipange kuunganisha siku hiyohiyo. Lala hapo.

BintiBegiMoja: Mzee kamaliza, mi naongezea yaliyonikuta. Basi la Singapore kwenda KL mnashuka na mabegi yote mara mbili, kugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, na dereva hasubiri mtu. Mi nilikaa foleni mbovu, natoka nje naona mabasi kumi yanafanana, langu silijui, limeshaondoka. Piga picha namba ya basi kabla hujashuka, dakika ile nilijiona mjinga sana.

Padang Besar ndo mpaka mtamu kuliko yote, uhamiaji wa Malaysia na wa Thailand wamo jengo moja la stesheni, unatoka dirisha hili unaingia lile. Ila saa inarudi nyuma lisaa limoja, soma tiketi yako kwa saa ya Thailand. Ukiingia China inaenda mbele tena, Vietnam inarudi.

Halafu treni ya Laos-China wanakagua mizigo kama uwanja wa ndege, kisu cha kukunja kinabaki hapo, na dawa za kupuliza usibebe kabisa, mi walinitolea ya mbu na ya kwapa wakaziweka kwenye pipa lililojaa za wenzangu.

Mtembezi_Pole: Duh asanteni, dada pole na basi. Sasa viza nianze na ipi?

MzeeWaReli: Ya China, na uipate kabla hujaanza safari, hiyo ndo inaamua tarehe za nyingine zote. Vietnam wana e-viza ila mle ndani unachagua mpaka utakaoingilia, wewe andika Dong Dang ya reli, stesheni ya mpakani upande wa Vietnam, ukiandika uwanja wa ndege wa Hanoi utakwama usiku wa manane, maana treni ya Nanning inavuka usiku na mnaamshwa mara mbili, Pingxiang kutoka na Dong Dang kuingia, na mabegi yenu. Treni hiyo ilirudi Mei 2025, kabla ya hapo watu walikuwa wanahangaika na mabasi. Inaishia Gia Lam, siyo stesheni kuu ya Hanoi.

Malaysia na Thailand wana fomu za mtandaoni, unajaza ndani ya siku 3 kabla ya kuingia, zote BURE. Tovuti ikikuomba hela toka mbio.

Mtembezi_Pole: Sawa mzee. Basi Vientiane nalala siku mbili, Kunming tatu, na ile dawa ya mbu nanunua ya kupaka.

BintiBegiMoja: Ya kupaka walinipitisha 😂 ila chupa waliinusa kwanza