Naomba ushauri: video za kufundishia upendeleo wa rangi

Habari zenu wakuu. Nafundisha vijana wa miaka 16 hadi 18, darasa la weupe kwa weusi, na tumefika kwenye faida anazopata mtu kwa rangi ya ngozi yake tu, bila kuziomba.

Nilianza na zile video za mtandaoni ambapo vijana hupangwa mstari mmoja, kisha kila swali wenye nafuu wanapiga hatua mbele. Imenigeuka. Weusi wakabaki nyuma kabisa, na binti mmoja mweusi darasani akainamia daftari, akawa anachorachora pembeni mpaka kengele ikalia. Wenzake walijifunza kwa maumivu yake. Jambo hilo linaniuma hadi sasa.

Iliyokubali ni mada ya utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018: programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, lakini chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Hakuna aliyejitetea. Waliuliza nani alichagua picha zilizotumika kuzifunza programu hizo, swali zuri kuliko langu lolote.

Sasa wanataka kutengeneza video zao fupi na kuziweka TikTok. Nawaza matusi yatakayomwagika kwenye maoni, hasa kwa yule binti. Mliowahi kufanya hivi, mlifunga maoni au mlibaki na kundi la darasa tu? Na wazazi mliwashirikisha lini?