Vyuo vikuu vya Marekani kuuza bia viwanjani: ni halali kwao au ni aibu?

Mwalimu wa Columbus:
Ndugu zangu mlioko huku Marekani na mnaotusoma kutoka nyumbani, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Jumamosi za msimu wa futiboli ya Kimarekani, uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State hapa mjini kwetu hujaza watu zaidi ya 100,000, na tangu mwaka 2016 bia inauzwa uwanja mzima kwa kila aliyetimiza miaka 21, si kwa wakubwa wa vyumba vya juu peke yao kama ilivyokuwa zamani. Mahasimu wetu wa Chuo Kikuu cha Michigan walifuata mwaka 2024, baada ya jimbo lao kubadili sheria mwaka uliotangulia. Swali langu ni moja tu. Chuo kikuu ambacho wengi wa wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawajafikia umri wa kunywa kina haki gani ya kimaadili kusimamisha vibanda vya bia hatua chache kutoka jukwaa la wanafunzi hao hao? Mimi nasema hakina. Anayepinga anipe sababu isiyo ya fedha.

Kaka Goma:
Mwalimu, shikamoo. Sababu isiyo ya fedha ipo, nayo inaitwa Chuo Kikuu cha West Virginia. Pale Morgantown, mji kilipo chuo hicho, mashabiki waliruhusiwa kutoka nje wakati wa mapumziko, na kwa dakika zile 20 walikuwa wakikimbilia kwenye magari yao maegeshoni, wakibugia vinywaji vikali kwa pupa, kisha wakirudi ndani wakiwa chakari. Mwaka 2011 mkurugenzi wao wa michezo, Oliver Luck, aliondoa ruhusa hiyo ya kutoka na kurudi, akaanza kuuza bia ndani, na polisi wa chuo wakaripoti kwamba visa vya siku za mechi vilipungua msimu ule ule. Mtu akijua kwamba ndani ipo bia, hana sababu ya kuingia na kichupa cha wiski amekificha kwenye soksi. Wanaopinga jambo hili wengi wao hawajawahi kusimama maegeshoni saa nne asubuhi, mashabiki wakinywa na kuchoma nyama kabla ya mechi, wakaona hali ilivyo. Mchezo huu wanaujulia kwenye televisheni.

Bibi Tanga:
Kaka Goma, shikamoo umempa Mwalimu peke yake, lakini kijembe umetugawia sote. Ninaishi mtaa wa tatu kutoka uwanja wa chuo, na kila Jumapili ya msimu ninaokota makopo na vikombe vyekundu vya plastiki kwenye ua wangu kabla sijaenda kanisani. Maegeshoni nimesimama, na hata mbavu zao za kuchoma nimekula, tena ni tamu. Usinifundishe walevi. Ama kuhusu hiyo West Virginia yako, umesema mwenyewe kwamba walifanya mambo mawili kwa pamoja: walizuia watu kutoka na kurudi, na wakauza bia. Sasa kilichopunguza fujo ni kipi? Mimi nikimpa mgonjwa dawa ya malaria pamoja na soda, akapona, siwezi kwenda kuitangaza soda.

Kaka Goma:
Bibi, sikumtaja mtu kwa jina; aliyewashwa ndiye aliyejikuna. Hayo makopo unayoyaokota yametoka maegeshoni, hayakutoka uwanjani, kwa sababu getini hakuna anayeruhusiwa kutoka na kinywaji mkononi. Kwa hiyo ua wako ni shahidi wangu, si wako.

Mkisumu wa Dallas:
Naona mnazunguka mbuyu. Mzizi wa matatizo haya ni umri wa miaka 21, ambao haukutokana na hekima yoyote kubwa. Sheria ya mwaka 1984 iliyosainiwa na Rais Reagan iliyatishia majimbo kwamba lisilopandisha umri lingepunguziwa fedha za barabara, na South Dakota walipolalamika hadi Mahakama ya Juu, walishindwa mwaka 1987. Kijana wa miaka 18 anapewa bunduki na kupelekwa vitani, lakini kopo la bia analiogopa! Na kwetu Kenya sera ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri huo huo wa 21, kana kwamba watoto wetu nao wanajengewa barabara na Reagan. Shirikisho la michezo ya vyuo vya Kusini, SEC, lilipofungua mlango mwaka 2018, vyuo vyote vya Kusini vilianza kuuza siku moja na hakuna uwanja uliowaka moto. Mwalimu anaogopa kivuli.

Mhasibu wa Atlanta:
Ndugu Mkisumu, si mwaka 2018 na havikuanza vyote siku moja. SEC walipiga kura mwishoni mwa Mei 2019, na kilichoamuliwa ni kwamba kila chuo kijichagulie chenyewe. LSU, yaani chuo cha jimbo la Louisiana, na Tennessee walianza msimu ule ule, Alabama wakaja mwaka 2022, na hapa kwetu Georgia mashabiki wa kawaida walingoja hadi 2024. Masharti waliyoweka siku ile nayo hayakuwa haba: bia na mvinyo tu, kikomo cha vinywaji kwa kila anayenunua kwa mara moja, kitambulisho kwa kila mauzo, marufuku kupita na trei kati ya viti kama wauza karanga, na mauzo kufungwa robo ya tatu inapomalizika. Mimi si mpenzi wa pombe, lakini mjadala ukijengwa juu ya miaka ya kubahatisha, kesho tutaambiwa hata chang'aa ilipigiwa kura.

Mkisumu wa Dallas:
Mwaka mmoja mbele au nyuma haubadilishi hoja, bwana Mhasibu. Wewe ungekagua hata hesabu za matanga.

Mhasibu wa Atlanta:
Za matanga ndizo hukaguliwa kwanza. Lakini niruhusuni niseme habari ya fedha, ingawa Mwalimu ameikataza. Ohio State walipata zaidi ya dola milioni 1 katika msimu wao wa kwanza, jambo ambalo kwa idara ya michezo inayoingiza mamia ya mamilioni ni sawa na chenji. Kilichobadilika ni suluhu ya mahakama ya Juni 2025, katika kesi iitwayo House, iliyoruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Tangu hapo kila mkurugenzi wa michezo anatafuta senti hata chini ya zulia. Tazameni kichekesho chake: mchezaji wa miaka 19 anaweza kulipwa kwa fedha iliyochangiwa na bia ambayo yeye mwenyewe akiigusa ni kosa.

Bibi Tanga:
Na kule Utah, BYU hawauzi hata tone, na watu wanajaa. Tafsirini wenyewe.

Kaka Goma:
Bibi, BYU ni chuo cha kanisa la Wamormoni, na mashabiki wake wengi hawanywi hata chai. Huwezi kumsifu samaki kwa kuogelea.

Mzee Kipara:
Nimekaa kimya nikiwasoma, lakini kuna jambo limenikera kuliko hayo yote. Mwaka jana mwanangu alinipeleka kwenye mechi ya chuo kimoja katika majimbo haya ya katikati. Nilipokwenda kununua maji, niliwakuta kibandani wanakwaya ninaowafahamu, watu tunaosali nao kwa Kiswahili kila Jumapili, wamevaa aproni na kofia za kampuni ya vyakula, wanafungua makopo ya bia na kuwakabidhi walevi. Waliponiona, mmoja aliinama nyuma ya mashine ya bisi. Tuache kulaumu vyuo. Vyuo ni vya Wamarekani. Sisi wenyewe tumefikaje hapo?

Dada Alto:
Mzee wangu, shikamoo. Aliyeinama alikuwa anaokota vifuniko, na ni mimi. Kwa kuwa umetuanika mbele za watu, nitaeleza, ili kila mmoja ajue namna vibanda hivi vinavyoendeshwa.

Kampuni yenye mkataba wa chakula uwanjani haina watu wa kutosha wa kuhudumia umati ule kwa siku chache za msimu, kwa hiyo huvikabidhi baadhi ya vibanda kwa vikundi visivyo vya biashara: bendi za shule, vyama vya wazazi, makanisa. Kikundi hupewa asilimia ya mauzo ya kibanda chake. Kwa asilimia hiyo kwaya yetu imenunua kinanda, na kwa asilimia hiyo hiyo tulichangia kuusafirisha mwili wa mwenzetu hadi nyumbani, safari ambayo gharama yake wewe Mzee unaijua, kwa sababu ulikuwa kwenye kamati.

Hatugawi bia kama maji ya baraka. Kila mmoja wetu alipitia mafunzo ya kuuza pombe na mtihani wake. Kila anayekuja, hata awe na mvi, anatoa kitambulisho. Tumeshajua kwamba katika majimbo mengi leseni ya udereva ya aliye chini ya miaka 21 huchapwa kwa wima, kwa hiyo kijana akiivuta mfukoni nusunusu, tunajua kabla hajaifikisha kaunta. Anayeyumba tunamnyima, naye hututukana matusi ambayo hata wewe hujayasikia. Bia ikiondolewa, sausage na bisi peke yake hazitanunua kinanda.

Mzee Kipara:
Marahaba, binti yangu. Kamati nilikuwepo, na kama ningeambiwa fedha zile zimetoka wapi, ningesimama nikatoe zangu mfukoni. Kinanda kilichonunuliwa kwa bia kinapiga wimbo gani?

Kaka Goma:
Mzee, kwa heshima zote, Kana ya Galilaya palikuwa na harusi, na aliyeongeza kinywaji si mwenye baa.

Bibi Tanga:
Nilijua Kana ingefika tu, nilikuwa nahesabu dakika. Hata kule Kana, waliojaza mitungi walikuwa watumishi wa mwenye karamu. Hawakuitwa wanakwaya wafanye kazi bure ili tajiri abaki na faida. Hilo ndilo linaloniuma mimi katika maelezo ya Dada Alto, wala si pombe. Kopo moja linauzwa kwa bei ya pakiti nzima dukani, chuo kina fungu lake, kampuni ina fungu lake, na mnaosimama kutwa nzima mnapewa asilimia ambayo hamkuipanga nyinyi.

Dada Alto:
Bibi, hatukulazimishwa.

Bibi Tanga:
Hakuna aliyesema mlilazimishwa. Nauliza tu kama mkigawa ile asilimia kwa saa na kwa vichwa mnapata kima cha chini cha mshahara cha jimbo.

Dada Alto:
Siku ya baridi na mvua, hatufiki. Mechi ya mahasimu, tunazidi.

Mhasibu wa Atlanta:
Hapa pana jambo zito zaidi ya kinanda, na naomba Dada Alto alisikilize bila kuona anashambuliwa. Katika majimbo mengi, anayemwuzia pombe aliye chini ya umri anaweza kushtakiwa yeye binafsi, pamoja na mwenye leseni ya biashara. Vilevile katika majimbo mengi, aliyeumizwa na mlevi anaweza kumdai fidia aliyemwuzia mlevi huyo hali akimwona amelewa. Kampuni ina mawakili na bima. Mwanakwaya mwenye hadhi ya ukimbizi, au ambaye ombi lake la makaazi halijajibiwa, ana nini? Shitaka dogo ambalo Mmarekani hulimaliza kwa faini linaweza kumletea maswali siku ya mahojiano ya uhamiaji. Mimi mkataba wa kibanda chenu ningeusoma mstari kwa mstari, nikitafuta mahali panaposema nani anabeba kosa.

Mkisumu wa Dallas:
Sasa hapo Mhasibu umeongea. Hayo ya matanga nimeyafuta.

Mwalimu wa Columbus:
Niliuliza kuhusu haki ya chuo, tumefika kwenye kwaya. Hata hivyo naona maelezo ya Dada Alto yamenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Ohio State walipoanza walisema sehemu ya mapato itaajiri polisi zaidi wa chuo, na nilikubali kwamba angalau wanajali. Lakini kama katika viwanja vingine yule anayesimama kati ya kijana wa miaka 19 na kopo la bia ni mama wa alto aliyechoka, asiyelipwa mshahara, na ambaye kila kopo analokataa kuliuza linapunguza asilimia ya kikundi chake, basi chuo hicho kimeweka ulinzi wake mahali ambapo ulinzi unapata hasara ukifanya kazi. Hilo Kaka Goma hajalijibu, na West Virginia yake haimsaidii.

Kaka Goma:
Nitalijibu. Aajiriwe mtu mwenye mshahara wa saa, asiye na asilimia, na vikundi vibaki na vibanda vya sausage. Bia ibaki.

Dada Alto:
Ukiondoa bia kwenye kibanda chetu, Kaka, umetuondoa na sisi, maana sehemu kubwa ya mauzo yetu ni kopo. Ila la mkataba nimelisikia. Karatasi tulizosaini ziko kwa mwenyekiti wa kwaya, na nikiri kwamba wengi wetu tulisaini ukurasa wa mwisho tu. Mhasibu, nikikutumia nakala, utatusomea?

Mhasibu wa Atlanta:
Ilete, dada, kurasa zote pamoja na viambatisho. Futa majina ya wanakwaya kwanza.

Mzee Kipara:
Na mimi nakala. Sijasema nimekubali.